Lori la Zamani Lisilo na Vibati: Anzeni na Chuma, Si na Pesa



Tumezoea kuulizwa na vikundi habari za ng'ombe wa gredi, matangi ya maji na mashine za kusaga. Siku hizi kuna swali lingine linaloturudia, nalo ni la lori kuukuu. Kikundi kimeweka akiba kwa miaka. Mahindi yako ghalani, madalali wanakuja na malori yao na kujipangia bei. Halafu mtu analeta habari njema: nyuma ya boma la marehemu fulani kuna Bedford ya zamani, chuma kizito cha Mwingereza, injini bado inaguruma, na wenyewe wanataka pesa kidogo tu. Tatizo ni moja, anasema. Namba za nje hazipo, na kile kibati cha ndani kimeng'oka. "Lakini hiyo ni kitu kidogo, mtaandikisha upya."

Hapo ndipo tunawaomba mketi kwanza.

Tunasema hivi kwa sababu tumeona. Kikundi kimoja katika eneo tunalohudumia, wanachama 30 na kitu, kilinunua lori la namna hiyo kwa wana wa mfanyabiashara aliyekuwa amefariki. Wakalipa nusu ya bei mkononi, wakalivuta kwa trekta, wakachoma bodi mpya, wakanunua tairi mbili. Safari ya kwanza ya sokoni, askari wa barabarani akasimamisha lori na kuuliza maswali matatu: logbuku iko wapi, namba ya chesisi ni ipi, na mwenyewe ni nani. Mwenyekiti hakuwa na jibu hata moja. Lori likalala kituoni, na mahindi ya akina mama yakapakuliwa chini. Walipotujia walikuwa wanalaumiana vikali, na mweka hazina alikuwa ameacha kuja mikutanoni.

Maswali yale matatu ndiyo kazi yenyewe. Ni afadhali mjiulize ninyi, lori likiwa bado kwa muuzaji, kuliko kuulizwa barabarani.

KIBATI SI LORI

Watu wengi wanafikiri kibati kikipotea basi lori limepoteza jina lake. Si hivyo. Kibati cha kiwanda ni bati dogo tu lililofungwa kwa riveti ndani ya kebini, kwenye nguzo ya mlango, chini ya kiti au mbele ya miguu ya abiria. Bati hilo huoza, huibwa, hung'olewa na fundi anayepiga rangi. Halafu ziko namba pleti za barabarani, nazo ni jambo lingine kabisa: hizo zinatoka kwa Serikali, na zikipotea mwenye lori anaweza kuomba nyingine.

Jina la kweli la lori limegongwa kwenye chuma. Katika malori mengi ya zamani namba ya chesisi iligongwa kwa nyundo na alama za chuma juu ya boriti ndefu ya chesisi, sehemu ya mbele, karibu na gurudumu au pale springi inaposhikiliwa. Miaka 50 ya grisi, matope na rangi imeifunika, basi mtu anapita mbele yake na kusema haipo.

Hebu tueleze jinsi ya kuitafuta. Bebeni mafuta taa, kitambaa, brashi ya waya ya mkono, tochi, chaki nyeupe, karatasi nyembamba na penseli. Lowesheni grisi kwa mafuta taa, subirini, pangusa. Anzeni mbele upande wa dereva, mwende taratibu kurudi nyuma, kisha upande wa pili. Rangi ikiwa nene tumieni dawa ya kutoa rangi. Msiruhusu fundi alete mashine ya kusaga, tupa wala patasi! Mkwaruzo mmoja karibu na namba utafanana na kazi ya mwizi, na hakuna afisa atakayeamini kwamba mlikuwa mnasafisha tu.

Namba ikionekana, sugueni chaki juu yake, mpanguse, nayo chaki itabaki ndani ya mifereji. Kisha wekeni karatasi juu na kusugua penseli, kama watoto wanavyonakili sarafu. Pigeni picha kwa simu, moja kwa karibu na nyingine kwa mbali ili ionekane namba iko sehemu gani ya lori. Andikeni kila alama, hata nyota au mstari ulio mwanzoni na mwishoni. Viwanda vingine viliweka alama hizo makusudi ili mtu asiongeze tarakimu.

Msishtuke namba ikiwa fupi. Magari ya siku hizi yana namba ya herufi na tarakimu 17, lakini utaratibu huo wa kimataifa ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1977 na viwanda vikauingia polepole. Lori la miaka ya 1960 lina namba fupi, na hiyo ni haki yake. Kinyume chake ndicho cha kushangaza: mkionyeshwa lori la 1965 lenye namba ya alama 17, ulizeni imetoka wapi.

Kuna kosa moja tunalolikuta mara nyingi. Mtu anasoma namba kubwa iliyo ubavuni mwa injini na kuiandika kuwa namba ya injini. Tazameni vizuri. Namba iliyoinuka juu ya chuma ilitoka pamoja na chuma kilipomiminwa kiwandani. Inataja aina ya kipande, na injini nyingine maelfu zina namba ileile. Namba ya injini yenyewe imegongwa, yaani imezama ndani ya chuma, kwa kawaida kwenye sehemu iliyosawazishwa. Kumbukeni: iliyoinuka ni ya ukoo mzima, iliyozama ni ya mtu mmoja.

Kuhusu umri na aina, umbo la lori linasema mengi. Bedford yenye pua ndefu mbele, bonneti inayofunguliwa juu, ni ile inayoitwa TJ, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Ile yenye uso bapa, ambayo injini yake iko nyuma ya viti na inafikiwa kwa milango midogo ya ubavuni, ni TK, iliyotokea karibu na 1960. Baadaye Bedford ziliunganishwa hapa Nairobi pia, na kampuni ya General Motors Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Namba pleti ya zamani ikipatikana hata kwenye picha ya harusi, itawasaidia: herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho maana yake lori liliandikishwa kabla ya mfumo mpya ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini haya yote ni ya kulinganisha tu. Umbo haliwezi kumwambia hakimu lori ni la nani.

NAMBA IKIWA IMESAGWA

Mkikuta mahali pa namba pamesagwa, chuma kimekuwa chembamba, kuna welding iliyozunguka kipande kidogo, au rangi mpya sehemu ile tu, simameni. Namba iliyogongwa kwa mkono inaweza kuwa na herufi iliyopinda kidogo, na hilo peke yake si wizi. Lakini kusaga hakutokei kwa bahati mbaya. Polisi wana wataalamu wa kurudisha namba iliyosagwa kwa kupaka asidi, kwa sababu nyundo ilipopiga iliubana pia ule chuma wa chini usioonekana. Anayesema namba imekwisha kabisa anaweza kuwa anajidanganya.

Na sasa tuseme lile ambalo wengi wanalinong'ona. Kuna mafundi watakaowaambia, "Mama, usijali, niko na kibati cha Bedford nyingine iliyokatwa skrepu. Tunakigonga hapa, logbuku yake iko, mambo kwisha." Kikundi kile tulichokitaja kiliambiwa hivyo hivyo, na kwa bei ya chini sana. Tunawashukuru wale akina mama wawili waliokataa mkutanoni wakati wanaume walikuwa wamekwisha kunyamaza kwa kukubali. Kuvalisha lori moja jina la lori jingine ni ulaghai, hata kama malori yote mawili yalikuwa mali halali. Na kama mojawapo liliibwa, anayelipokea akijua au akiwa na sababu ya kujua anaweza kushtakiwa kwa kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kinafika kifungo cha miaka 14. Mweka hazina wenu ndiye aliyetia sahihi. Ndiye atakayekwenda.

Na ile habari ya "mtaandikisha upya" pia haina mguu. Kuandikisha gari mara ya kwanza kunahitaji karatasi za forodha zinazoonyesha lilivyoingia nchini na ushuru uliolipwa. Zaidi ya hayo, kiwango cha Kenya KS 1515 hakiruhusu kwa kawaida kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane. Lori la miaka 50 halitapita mlango huo. Njia iliyopo ni kulirudisha kwenye rekodi lake la zamani. Wale walio mpakani wajue kwamba lori lililovuka kutoka Uganda au Tanzania bila forodha lina tatizo hilohilo, hata kama muuzaji ni mkwe wenu.

KARATASI NA MWENYEWE

Mkishapata namba ya chuma, tafuteni rekodi. Tangu sheria ya 2012, daftari la magari liko chini ya NTSA, na maombi yanafanywa kwa njia ya eCitizen. Asiye na simu ya kufanya hivyo aende Huduma Centre. Ukiwa na namba ya usajili unaomba nakala ya rekodi kwa ada ya mamia machache ya shilingi. Inakuonyesha jina la mwenyewe, namba ya chesisi, namba ya injini, na kama kuna benki inayolidai lori. Rekodi za magari ya zamani sana wakati mwingine zimebaki kwenye mafaili ya karatasi, kwa hivyo kompyuta ikisema haioni, ombeni faili litafutwe, tena kwa maandishi.

Kama hamna hata namba ya usajili, tafuteni nyumbani. Kikundi chetu kilipata nakala ya logbuku ndani ya mkebe wa kakao, pamoja na risiti za bima za miaka ya 1980. Stika ya zamani ya bima, cheti cha ukaguzi, mkataba wa mkopo, hata barua ya kiwanda cha chai kumlipa marehemu kwa usafirishaji, yote yanaweza kuwa na namba ile.

Sasa linganisheni tarakimu kwa tarakimu. Makarani wa zamani waliandika kwa mkono, na 5 ikawa S, 8 ikawa B, 0 ikawa O. Tofauti ya alama moja inaweza kusahihishwa baada ya ukaguzi, lakini mwenye kuomba ni yule aliye kwenye rekodi, naye aombe kabla ya kuuza. Tofauti ya namba nzima si kosa la karani. Injini ikiwa tofauti, jambo hilo ni la kawaida kwa lori la umri huu, maana injini hubadilishwa. Muuzaji alete risiti ya injini aliyoweka na abadilishe rekodi. Katika mambo haya, na logbuku ikiwa imepotea, tegemeeni kwamba lori litakaguliwa na maafisa wa DCI watachukua nakala ya namba kwa tepu ya gundi. Logbuku iliyopotea huripotiwa polisi kwanza, na mwenyewe anapewa abstrakti.

Tunasisitiza neno mwenyewe. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema mtu ambaye lori limeandikishwa kwa jina lake ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili si logbuku. Wengi wameuziwa kiapo cha shilingi elfu moja mbili wakidhani wamenunua umiliki. Kiapo ni maneno ya mtu mmoja aliyeapa. Kinasaidia kueleza jinsi karatasi zilivyopotea, lakini hakiwezi kuhamisha mali ya mtu mwingine.

Mwenyewe akiwa hai, shukuruni. Akiwa amefariki, ndipo vikundi vingi vinapokwama, kwa hivyo tukae hapa kidogo. Wana wa marehemu wanasema, "Baba ametuachia." Pengine ni kweli, lakini chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hakuna mtoto anayeweza kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka ya kuisimamia. Kifungu cha 45 kinafanya kuingilia mali hiyo kuwa kosa. Familia inaanza kwa chifu kupata barua inayotaja warithi wote, inakwenda mahakamani, tangazo linatoka kwenye gazeti la Serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Baada ya mamlaka kutolewa, kwa kawaida ni miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na hapo ndipo mali inagawanywa. Lori liandikwe katika orodha ya mali, kwa namba yake. Ulizeni pia kuhusu mke wa pili na binti walioolewa. Tumeona lori likizuiwa na binti ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Lori lililoachwa gereji miaka mingi lina njia yake. Mwenye gereji hawezi kuliuza tu kwa sababu amechoka kuliona. Sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, inamtaka atoe notisi na matangazo, kisha auze kwa mnada wa hadhara. Ombeni nakala za matangazo hayo pamoja na risiti ya mnada. Lori lililokuwa la Serikali, lile la namba za GK, lazima liwe na karatasi za mnada pia. Na kama rekodi inataja kampuni ya shamba iliyokwisha kufutwa, msidhani lori halina mwenyewe: mali ya kampuni iliyofutwa huangukia Serikali. Hapo tafuteni wakili, au tafuteni lori jingine.

PESA NA JINA

Kila kitu kikilingana, andikeni mkataba wenye majina, namba za vitambulisho, namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, bei na tarehe. Mashahidi watoke pande zote mbili. Lipeni kupitia benki, na sehemu kubwa ya pesa ibaki mpaka uhamisho ukamilike. Uhamisho unaanzishwa na muuzaji katika akaunti yake ya eCitizen, na mnunuzi anaukubali katika yake. Sheria inatoa siku 14 tu za kuliendesha barabarani baada ya mauzo bila jina kubadilishwa, kwa hivyo "nitakuja mwezi ujao tumalize" msiikubali, hata kama muuzaji ni mtu mnayemheshimu.

Jina la nani litaingia? Tumesoma hapo juu kwamba jina ndilo mwenyewe. Kikundi kikiandika jina la mwenyekiti peke yake kwa sababu ndiye aliye na PIN na simu nzuri, siku atakapofariki lori litaingia katika urithi wa watoto wake, nao hawatakuwa wakorofi wakilidai. Muoneni afisa wa maendeleo ya jamii kuhusu usajili wa kikundi chini ya sheria ya 2022, na PIN ya kikundi. Ikibidi jina la mtu litumike, mkataba uandikwe mbele ya wakili kwamba analishika kwa niaba ya kikundi, wanachama watie sahihi, na nakala ikae pamoja na kumbukumbu za mikutano.

Hesabuni pia kwamba lori la mizigo hukaguliwa kila mwaka, linahitaji bima, na likiwa tupu likizidi kilo 3,048 linatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo. Breki za Bedford iliyolala miaka 15 zina gharama. Kama hesabu hii inamaliza akiba, kodini lori msimu huu.

Mtauliza mambo ya kile kikundi yaliishaje. Tulikwenda kituoni na fundi mmoja mzee, kwa ruhusa ya afisa, tukiwa na mafuta taa na chaki. Ilituchukua muda wa saa mbili. Namba ilikuwa pale karibu na springi ya mbele, chini ya rangi tatu, nzima, haijaguswa na mtu. Ililingana na karatasi ya mkebe wa kakao isipokuwa tarakimu moja ya mwisho, ambayo karani alikuwa ameiandika 3 badala ya 8. Jina lilikuwa la marehemu. Wana wake wamefungua kesi ya urithi, binti wote wametia sahihi, na nusu ya bei iliyobaki iko benki kwa jina la kikundi. Wanasubiri tarehe ya kuthibitishwa. Lori lenyewe limefunikwa turubai, na kuku wa mwenyekiti wametaga ndani ya kebini.